Pikipiki ya safari inapoteza nguvu ikishapata moto, njia ya Tabora–Kigoma: ni mafuta, koili au breki?

#1 Mzigo wa Asali
Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya safari, cc 650, silinda mbili za V, kabureta mbili, inapozwa kwa maji. Natoka nayo Tabora kwenda Kigoma nikiwa na masanduku mawili ya pembeni na abiria. Tabora hadi Urambo haina neno, inatembea 100 bila kulalamika. Ikishapita Kaliua, moto umekolea, inaanza: nikivuta mafuta zaidi ya nusu inakuwa nzito, inashuka 90, 80, kwenye kilima hadi 60. Sailensi (injini ikinguruma yenyewe bila kuvuta mafuta) iko safi kabisa. Nikisimama chini ya mti kama robo saa inarudi na nguvu zake zote, nikitembea tena inarudia vilevile. Plagi mpya, oili mpya, chujio la hewa limesafishwa.

Fundi mmoja hapa Tabora anasema injini imechoka, ishushwe. Mimi sikubali. Injini iliyochoka haiponi kwa kukaa kivulini. Naomba mawazo yenu kabla haijafunguliwa hata nati moja.

#2 Kijana wa Isevya
Kabureta hiyo mkuu. Puliza, badilisha jeti (kitundu kinachopima mafuta ndani yake), tembea.

#3 Mgebuka
Pole mkuu. Huku kwetu ni milima, unapanda, hewa inapungua, injini inakosa pumzi. Weka jeti ndogo kidogo itatulia.

#4 Mlima Kasulu
Mgebuka, hapo umeigeuza. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Anayetoka Tabora kuja Kigoma, ukitoa vilima vya njiani, anashuka. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo yeye angefika ziwani na nguvu zaidi kidogo kuliko alivyoondoka. Ingekuwa ni urefu wa nchi, angelia akitoka Kigoma kupanda Kasulu. Halafu urefu wa nchi hauponi kwa robo saa ya kivuli.

#5 Mgebuka
Nimekupata, asante. Basi nahamia kwenye mafuta. Mleta uzi, ulijaza wapi? Pampu au chupa za barabarani?

#6 FundiUjiji
Mkuu, jambo la kwanza siyo kutaja kifaa, ni kujua imekosa nini. Je, ni silinda zote mbili zinazochoka au ni moja inayolala? Ikianza kugoma, simama, iache ikinguruma, dondoshea maji kidogo kwenye bomba la ekzosi la kila silinda karibu na kichwa. Linalochemsha maji papo hapo ndilo lenye moto. Linalochelewa, silinda yake haichomi.

La pili, mizunguko. Ikipoteza nguvu, mshale wa mizunguko unapanda huku mwendo unashuka? Hiyo klachi inateleza, na hapo nitauliza ni oili gani umeweka. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Ukiweka oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano, sahani zinateleza. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA. Mshale ukishuka pamoja na mwendo, klachi iache.

La tatu, usishushe injini.

#7 Jeti Kubwa
Nakubaliana na fundi isipokuwa hapo kwenye maji. Jamaa amesema sailensi ni safi. Maana yake akisimama na kuiacha ikinguruma, silinda zote mbili zitachoma vizuri na maji yatachemka pande zote, atarudi hapa kutuambia hakuna tatizo. Tatizo liko wakati wa mzigo. Kipimo chake ni hiki: ikiwa inagoma na mkono umefungua mafuta, bana klachi na uzime swichi kwa wakati mmoja, serereka hadi usimame pembeni, ufungue plagi ukaangalie rangi. Kahawia ya udongo ni sawa. Nyeupe, mafuta hayakufika ya kutosha. Nyeusi ya masizi, mafuta yalizidi au cheche ilikuwa dhaifu. Plagi iliyokaa sailensi hata dakika chache inabadilika rangi, ushahidi unapotea.

#8 FundiUjiji
Umesema kweli Jeti Kubwa. Kipimo cha maji kinafaa kwa silinda iliyolala kabisa. Kwa hii cha plagi ni bora.

#9 Binti Urambo
Kaka Mzigo, fungua kifuniko cha tangi.

Nasema hivyo kwa sababu yangu ilifanya hivihivi. Kwenye kifuniko kuna kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi, ndani ya tangi panabaki mvuto unaozuia mafuta kushuka. Kabureta zinakaukiwa, nguvu inakwisha. Ukisimama, hewa inapenya polepole, mafuta yanashuka, unaona imepona, kumbe haikuwa joto wala kivuli. Njia za mashamba ya tumbaku huku kwetu zina vumbi jekundu laini, linaingia hata kwenye saa ya mkono. Likichanganyika na mvuke wa petroli linakuwa tope na linaganda palepale.

Ikigoma, simama ufungue kifuniko huku umetega sikio. Ukisikia hewa inavutwa ndani, umemaliza.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: tangi likijaa ndiyo inakata mapema zaidi. Nafasi ya hewa juu ni ndogo, kwa hiyo mafuta kidogo tu yakitoka mvuto unakuwa mkali. Tangi likiwa nusu inachukua muda mrefu.

#10 Mzigo wa Asali
Asanteni sana. Majibu: mizunguko inashuka pamoja na mwendo, kwa hiyo klachi tuiache. Oili ni JASO MA, nimesoma kopo. Mgebuka, najaza kwenye pampu Urambo, sinunui chupa, na huwa najaza tangi hadi juu. Dada Binti Urambo, hapo kwenye tangi kujaa umenigusa, kwa sababu Kaliua si mbali na Urambo na ndipo inapoanza.

#11 Jeti Kubwa
Naongezea hesabu. Pikipiki ya namna hii ikitembea 90 na mzigo, tuseme inakula lita 5 kwa kilomita 100. Hiyo ni lita 4.5 kwa saa, yaani mililita 75 kwa dakika. Ukiifungua yote kupanda kilima inaweza kutaka mara tatu ya hapo. Kwa hiyo kizuizi kinachopitisha mililita 100 kwa dakika hutakiona kwenye sailensi wala ukitembea taratibu. Utakiona Kaliua, ukiwa na abiria.

Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa yenye vipimo, fungua koki, pima. Ila usipime dakika moja ukaridhika! Kama ni kifuniko, dakika ya kwanza itatiririka vizuri kabisa. Acha kifuniko kimefungwa, pima hadi uone inapungua au haipungui. Ukifungua kifuniko katikati ya kipimo na mafuta yakaongezeka kasi, hapo hakuna mjadala. Fanya nje, injini ikiwa baridi, na hakuna mtu wa sigara karibu.

#12 Chumvi ya Uvinza
Wote mmekimbilia petroli. Kinachougua kwa joto na kupona kwa ubaridi, mimi naanza na umeme. Koili, yaani kifaa kinachokuza umeme wa cheche ya plagi, ikizeeka, waya wake wa ndani unatanuka kwa joto, insuleta inapasuka, cheche inavuja pembeni. Sailensi inahitaji cheche ndogo tu, itanguruma vizuri. Ukiibana kwa mzigo, shinikizo ndani ya silinda linapanda na cheche inahitaji nguvu zaidi ya umeme kuruka kwenye plagi. Hapo koili mgonjwa inashindwa. Ukipumzika inapoa, inarudi. Hiyo ndiyo hadithi ya mleta uzi neno kwa neno.

Mimi nilihangaika na kabureta mpaka nikazikariri. Siku nilipobadilishana koili ya mbele na ya nyuma, ugonjwa ukahama silinda. Nikanunua koili moja, basi. Kama za kwako zinafanana, badilisha upande. Haigharimu kitu.

Angalia na chaji. Betri iliyopumzika ikiwa nzima inasoma kama volti 12.6, na ukipiga resi ipande 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na injini inazunguka, regyuleta (kidhibiti cha chaji) au koili za chaji zina neno, na cheche nayo itachoka.

#13 NjiaPandaKidahwe
Hakuna aliyeuliza kuhusu gurudumu la nyuma. Mnajadili injini, na mimi nasema inawezekana injini ni nzima kabisa na kuna kitu kinaishika.

Breki ya diski ya nyuma. Vumbi na tope vinakausha pini za kaliba (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), pistoni hairudi, pedi inabaki ikigusa. Inagusa, inapata joto, maji ya breki yanatanuka, inagusa zaidi. Baada ya kilomita kadhaa unaburuta breki. Mizunguko inashuka pamoja na mwendo, sawasawa na alivyosema. Ukisimama robo saa inapoa, inaachia, "imepona". Abiria na masanduku yanaongeza, kwa sababu unaitumia breki ya nyuma zaidi.

Ikigoma, shuka, mwagia diski maji kidogo. Usiiguse kwa kidole, nimeona mtu alibaki na alama. Halafu weka stendi ya kati, gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono ikiwa bado ya moto. Ukifika nyumbani ukazungusha, imeshapoa, utasema breki nzima.

#14 Kijana wa Isevya
Ndugu zangu wa Kidahwe kila ugonjwa kwao ni breki, ni ile barabara ya kushuka kutoka Kasulu imewazoesha 😂 Breki ikishika si ingenuka mkuu?

#15 NjiaPandaKidahwe
Ikishika sana inanuka. Ikishika kidogo, upepo unapeleka harufu nyuma, wewe uko mbele unaangalia mbuzi barabarani. Cheni nayo iangaliwe. Mtu akiikaza pikipiki ikiwa tupu, akipakia abiria mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapanda na cheni inakuwa kamba ya gitaa. Inakula nguvu na inaua beringi.

#16 Mzee wa Treni
Vijana, nimewasoma wote. Mmesahau valvu. Nafasi ya tapeti (upenyo mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma) ikibana, hasa ya valvu ya moshi, injini ikipata moto shina la valvu linarefuka, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja. Ikipoa inafunga. Nilifanya kazi na injini miaka mingi, za relini na za barabarani, na tapeti iliyobana haipigi kelele. Iliyolegea ndiyo inayopiga kelele, kwa hiyo watu wanaiogopa ile isiyo na madhara makubwa na kuisahau ile inayochoma valvu.

Na chungulia kwenye ekzosi. Pikipiki ya kijana wangu ilikaa nyumbani kipindi chote cha mvua, nyigu wa udongo wakajenga ndani ya bomba. Iliwaka, ikanguruma, haikwenda popote.

#17 Binti Urambo
Shikamoo mzee. Kuhusu tapeti nina swali. Valvu ikivuja kwa joto, sailensi si ndiyo ingekuwa ya kwanza kuharibika? Kwenye mizunguko midogo mchanganyiko una muda mrefu wa kutoroka. Kaka amesema sailensi ikiwa ya moto ni safi.

#18 Mzee wa Treni
Marahaba binti yangu. Hoja yako ina uzito, na kama sailensi yake ya moto ni safi kweli, valvu inashuka kwenye orodha. Haitoki. Apime upenyo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi kabisa, alinganishe na kitabu cha pikipiki yake. Anayetaka kuishusha injini bila kupima tapeti wala kompresheni anamtafutia hasara. Na kompresheni ipimwe mkono wa mafuta umefunguliwa wote, vinginevyo itasoma ndogo na watamwambia ringi zimekwisha.

#19 Asali Mbichi
Mzee wa Treni, hao nyigu wa ekzosi huku Sikonge tunawajua, ila nyuki ndio hatari. Niliacha pikipiki karibu na mizinga, kundi likatua chini ya kiti. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

#20 Mgebuka
Hata pampu siziamini. Wanachanganya mafuta ya taa.

#21 Mlima Kasulu
Zamani ilikuwa tatizo kubwa kweli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza utaratibu wa kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili uchakachuaji ujulikane, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Sisemi haupo kabisa. Ila petroli yenye mafuta ya taa injini ingegonga kwenye kilima, ingetoa moshi, na isingepona kwa kupumzika, maana mafuta ni yaleyale kwenye tangi. Maji kwenye petroli ni rahisi kuyaona: fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, pokea kwenye chupa nyeupe. Maji yanakaa chini kama tone linalojitenga.

#22 Mzigo wa Asali
Mrejesho. Nilitoka Tabora na mzigo uleule na abiria yuleyule, tangi nilijaza Urambo. Safari hii ilivumilia, ikagoma karibu na daraja la Malagarasi. Nilizima kama alivyosema Jeti Kubwa, nikaserereka.

Kifuniko: nilipofungua nilisikia hewa, siyo nyingi, lakini ilivutwa.
Diski ya nyuma: maji yalichemka. Gurudumu lilizunguka, ila kwa uzito.
Plagi: ya mbele kahawia, ya nyuma imekaribia nyeupe.
Chaji: 14.1.
Cheni iko sawa na mzigo juu. Ekzosi haina nyigu.

Baada ya kufunga plagi na kuondoka ilikuwa na nguvu zote.

#23 Binti Urambo
Hewa ilivutwa. Nilisema.

#24 NjiaPandaKidahwe
Maji yalichemka na gurudumu ni zito. Nilisema.

#25 Chumvi ya Uvinza
Taratibu. Hadi ufungue plagi zote mbili na uzirudishe, koili zimeshapoa. Kwa hiyo kupona kwake hakumthibitishi dada Binti peke yake. Na diski yoyote iliyotoka kufunga breki inachemsha maji. Ulipiga breki ya nyuma kusimama?

#26 Mzigo wa Asali
Mwishoni niliigusa kidogo tu, palikuwa na mteremko.

#27 Jeti Kubwa
Mimi naiangalia ile plagi nyeupe. Kifuniko kingenyima kabureta zote mbili, plagi zote zingepauka. Breki haibadilishi rangi ya plagi. Koili mbovu ingeleta masizi, siyo weupe. Nyeupe upande mmoja ni kabureta ya nyuma haipati mafuta: chujio dogo la mlangoni, sindano ya floti (boya linalofunga na kufungua mafuta), au kipande cha mpira wa mafuta kinachomenyeka ndani na kuziba. Au hewa ya ziada inaingia kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, umepasuka.

#28 FundiUjiji
Nakubali, na tahadhari moja. Kwenye V, silinda ya nyuma hupata upepo kidogo kuliko ya mbele. Hata kwa injini ya maji plagi yake inaweza kupauka zaidi. Tofauti ndogo isikupeleke kununua kabureta. Diaframu (ngozi laini za mpira) za kabureta ziangaliwe pia kwa kuzinyoosha kwenye mwanga wa jua, ingawa diaframu iliyochanika ingekusumbua asubuhi na jioni, haingojei Kaliua.

Mkuu, sasa tengeneza kimoja, tembea, angalia. Kisha kingine. Anza na kifuniko.

#29 Mzigo wa Asali
Nimefika Kigoma salama. Pikipiki niliipeleka kwa fundi hapa Mwanga, nikamwachia maelekezo ya kifuniko, mimi nikashuka Ujiji kwa shughuli zangu. Jioni nimekuta kijana ametia bidii: kitundu cha kifuniko kimezibuliwa, kaliba imefunguliwa na pini zimepakwa grisi, mpira wa mafuta mpya, vichujio vya kabureta vimesafishwa. Mpira wa zamani ndani ulikuwa umemenyeka kweli. Pini moja ya kaliba ilikuwa na kutu. Na kwenye kitundu cha kifuniko alitoa tope.

Nimekwenda Kidahwe na kurudi, bila abiria. Inaruka.

#30 Kijana wa Isevya
Kwa hiyo nani ameshinda?

#31 Chumvi ya Uvinza
Hakuna. Kigoma hadi Kidahwe ni kama kilomita 36, bila abiria, bila masanduku. Huko hata koili mbovu ingefika ikiimba. Apande Kasulu na mzigo wote.

#32 Jeti Kubwa
Mpira umemenyeka, jamani. Umeshikwa mkononi.

#33 NjiaPandaKidahwe
Na pini yenye kutu imeshikwa mkononi.

#34 Dereva Nguruka
Habari wakuu, mimi ya kwangu ni ya bodaboda cc 150, inakosa nguvu kwenye gia ya nne tu. Je, ni kifuniko?

#35 FundiUjiji
Gia ya nne tu kwa 150 yenye abiria wawili na gunia inaweza kuwa ni mzigo wenyewe. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma, kisha fungua uzi wako tukusaidie vizuri, hapa tutachanganya wagonjwa.

#36 Mgebuka
Mzigo wa Asali, hiyo asali ya masandukuni inauzwa? Nina migebuka (samaki wa ziwani) iliyokaushwa vizuri, tubadilishane kabla hujaondoka.

#37 Mzigo wa Asali
Inauzwa mkuu, nitafute. Jumamosi napanda Kasulu na abiria na masanduku yote. Nafikiria kubadilishana koili kabla ya kuondoka ili hoja ya Chumvi nayo ipimwe.

#38 FundiUjiji
Usiguse koili. Ikigoma njiani ukiwa umezihamisha, hutajua kama umeamsha kitu kipya kwenye maungio ya waya. Panda kama ilivyo. Ikigoma, zihamishe hukohuko, ikiwa ya moto.

#39 Chumvi ya Uvinza
Hapo sina ubishi. Chukua spana ya plagi na kitambaa cha kushikia.

#40 Binti Urambo
Na ujaze tangi hadi juu kabla ya kuanza kupanda. Ukiondoka na nusu tangi na isigome, mimi sitahesabu kwamba kifuniko kimepimwa.